Sikio na Ulimi: Utoaji na Upokeaji wa Sauti za Lugha, kwa Mifano ya Kisomali na Kiswahili katika Garissa

1. Utangulizi

Mwalimu wa Kiswahili katika Garissa, Wajir au Mandera hukutana na mwanafunzi asomaye ‘baba’ mahali palipoandikwa ‘papa’, asemaye ‘sawadi’ badala ya ‘zawadi’, au aandikaye ‘faa’ katika imla baada ya kutajiwa ‘vaa’. Akisahihishwa, mwanafunzi huyo hurudia vilevile, pengine kwa sauti kubwa zaidi, huku akiamini kwamba ametii. Ni rahisi kulifasiri jambo hili kuwa uzito wa ulimi, au uvivu, au ukaidi, na kumkata alama kwa mujibu wa fasiri hiyo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwili wa binadamu unavyotoa sauti za lugha na jinsi unavyozipokea, kisha kuonyesha kwamba fasiri hiyo si sahihi. Ulimi wa mtoto wa Kisomali hauna kasoro, wala sikio lake la nyama halina kasoro. Kinachotenda kazi hapa ni mazoea ambayo lugha ya mama huyatia katika usikivu wa mtoto kabla hajaingia darasani. Mazoea hayo kila msemaji wa lugha anayo, akiwamo mwalimu mwenyewe.

2. Utoaji wa sauti

Hakuna kiungo cha mwili kilichoumbwa kwa ajili ya usemi peke yake. Mapafu ni ya kuvuta pumzi, meno ni ya kutafuna, ulimi ni wa kuonja na kumeza. Lugha imeviazima viungo hivyo na kuvipa kazi ya pili. Mtu anapokaa kimya, kuvuta pumzi na kuitoa huchukua muda unaokaribiana. Anaposema, huivuta kwa haraka, kisha huiachilia polepole, na usemi wake husafiri juu ya pumzi hiyo itokayo.

Pumzi hupanda kwa bomba lake hadi kwenye zoloto, yaani lile sanduku la sauti linaloonekana kama kivimbe shingoni mwa mwanamume. Ndani ya zoloto zimo zile ziitwazo nyuzi za sauti. Kwa hakika si nyuzi kama za zeze, bali ni mikunjo miwili ya nyama inayoweza kusogezwa pamoja au kutenganishwa. Ikisogezwa pamoja kwa wepesi, pumzi huitikisa. Na mtikisiko huo ndio mghuno. Kwa mwanamume mtu mzima mikunjo hiyo hutikisika mara mia na zaidi kidogo kwa sekunde, kwa mwanamke yapata mara mia mbili, na kwa mtoto zaidi ya hapo. Ikiachwa wazi, pumzi hupita bila mghuno. Tofauti hii yaweza kuhisiwa kwa vidole: mtu akigusa koo lake na kutamka ‘zzz’, atahisi mtetemo, akitamka ‘sss’, mtetemo hukoma, ingawa ulimi umebaki palepale.

Kutoka kwenye nyuzi za sauti hadi midomoni ni mwendo wa sentimita 17 hivi kwa mwanamume mtu mzima. Njia hii hubadilishwa umbo na ulimi, midomo, taya na kaakaa laini. Ulimi ukiinuliwa mbele hupatikana ‘i’. Ukiinuliwa nyuma na midomo ikiviringwa hupatikana ‘u’. Ukilala chini na kinywa kikiwa wazi hupatikana ‘a’. Kaakaa laini likishushwa, hewa hupitia puani, nazo hupatikana ‘m’, ‘n’ na ‘ng'’. Konsonanti nyingine hupatikana kwa kuifunga njia kabisa kisha kuiachilia, kama katika ‘p’ na ‘t’, au kwa kuibana mpaka hewa ikwaruze, kama katika ‘f’ na ‘s’.

Si kila sauti hutolewa kwa pumzi ya mapafu pekee. Katika Kiswahili, ‘b’, ‘d’, ‘j’ na ‘g’ zisizotanguliwa na nazali hutamkwa kwa kulishusha zoloto kidogo, hata hewa ikavutwa ndani. Ndiyo maana ‘b’ ya ‘bata’ haifanani kabisa na ‘b’ ya ‘mbata’. Katika Kiborana, kisikikacho katika sehemu za Wajir na Mandera, zimo sauti zitolewazo kinyume chake: nyuzi za sauti hufungwa, zoloto huinuliwa, na hewa iliyobanwa katikati hufyatuka. Mwili ni mmoja kwa watu wote. Kila lugha huchagua machache miongoni mwa mengi uwezayo.

3. Uchaguzi wa Kisomali

Kisomali ni lugha ya Kikushi, na sauti zake zilichunguzwa kitaalamu mapema. Lilias Armstrong, mwanafonetiki wa London, alichapisha uchunguzi wake wa sauti za Kisomali mwaka 1934. Yeye ndiye pia aliyeuchunguza mfumo wa sauti wa Kikuyu, katika kitabu kilichotoka mwaka 1940 baada ya kufa kwake. Mwaka 1972 serikali ya Somalia ilichagua hati ya Kilatini kuwa maandishi rasmi ya lugha hiyo, na maandishi hayo ndiyo yatumiwayo katika mifano ya makala haya. Mifano ni ya Kisomali sanifu. Lahaja za kusini zina tofauti zake.

Kisomali sanifu kina konsonanti 22. Nne miongoni mwake humsumbua sana msemaji wa Kiswahili. Herufi ‘x’ na ‘c’ huwakilisha sauti za koromeoni, zile ambazo Waislamu huzijua katika Kiarabu kuwa ni ha na ain. Wanachuoni wa tajwidi, katika kueleza makharija, yaani mahali sauti zitokeapo, wameziweka sauti hizo katikati ya koo kwa karne nyingi. Kwa muda mrefu wanafonetiki walieleza kwamba hutolewa kwa kulirudisha shina la ulimi nyuma kuelekea ukuta wa koromeo. Kamera nyembamba zinazopitishwa puani, katika uchunguzi wa John Esling na wenzake uliohusisha pia Kisomali, zimeonyesha jambo la ziada: mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti hukazwa kuelekea shina la kidakatonge, kile kifuniko kizuiacho chakula kisiingie katika bomba la pumzi. Vali ileile iyalindayo mapafu wakati wa kumeza imepewa kazi ya kutofautisha maneno.

Herufi ‘q’ ni sauti ya nyuma kabisa ya ulimi, kwenye kimio. Herufi ‘dh’ ya Kisomali ni kipasuo kinachotamkwa kwa kuikunja ncha ya ulimi nyuma. Tofauti hizi si mapambo. ‘Hal’ ni ngamia jike, ‘xal’ ni utatuzi. ‘Kor’ ni juu, ‘qor’ ni kuandika. ‘Dab’ ni moto, ‘dhab’ ni ukweli. Zaidi ya hayo, urefu wa konsonanti hubadili maana: ‘waran’ ni mkuki, ‘warran’ ni amri ya kumtaka mtu atoe habari zake. Vilevile kupanda kwa sauti: ‘inan’ ikipandishwa mwanzoni ni mvulana, ikipandishwa mwishoni ni msichana.

Kwa upande mwingine, Kisomali hakikuchagua ‘p’, ‘v’ wala ‘z’. Maneno ya kigeni yenye sauti hizo hupokewa kwa sauti iliyo jirani zaidi: polisi ni ‘boolis’, posta ni ‘boosto’, pasipoti ni ‘baasaboor’, viza ni ‘fiiso’. Aidha, Kisomali hakiruhusu konsonanti mbili mwanzoni mwa neno, kwa hiyo maneno kama ‘mbuzi’ na ‘ndege’ humkuta msemaji wake hana ruwaza ya kuyapokelea.

4. Upokeaji wa sauti

Sauti itokapo kinywani ni mtikisiko wa hewa. Hukusanywa na jani la sikio, hupita katika tundu lake, na kukipiga kiwambo cha sikio. Nyuma ya kiwambo vimo vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, ambavyo ni vidogo kuliko mifupa yote ya mwili. Kazi yake ni kuuhamisha mtikisiko kutoka kwenye hewa na kuutia katika majimaji ya sikio la ndani. Kwa kuwa majimaji ni mazito kuliko hewa, nguvu nyingi ingepotea njiani. Lakini eneo la kiwambo linalotikisika ni yapata mara 17 ya kidirisha kinachosukumwa na kikuku, na kwa njia hiyo msukumo huongezeka.

Sikio la ndani lina mfereji uliojisokota kama kombe la konokono, uitwao koklea. Lau ungenyoshwa, urefu wake ungekuwa milimita 35 hivi. Ndani yake umetandazwa utando wenye seli za vinyweleo zipatazo 15,000, na miongoni mwa hizo karibu 3,500 ndizo zipelekazo sehemu kubwa ya habari kwenye ubongo. Georg von Békésy, mzaliwa wa Hungaria, alitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha kwamba utando huo huitikia sauti kwa mahali: sauti nyembamba huutikisa zaidi mwanzoni mwake, na sauti nene karibu na mwisho. Sikio la kijana mwenye afya huweza kupokea mitikisiko kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde.

Tuchukue basi ‘s’ na ‘z’. Mkwaruzo wa ‘s’ ni sauti nyembamba, na huutikisa utando karibu na mwanzo wake. ‘Z’ ina mkwaruzo kama huo, pamoja na mghuno mnene wa nyuzi za sauti utikisao sehemu nyingine ya utando. Kwa hiyo tofauti ya ‘s’ na ‘z’ huandikwa ndani ya sikio la mtoto wa Garissa sawasawa na inavyoandikwa ndani ya sikio la mtoto wa Unguja. Kiungo cha usikivu hakikosi kuileta habari. Swali ni ubongo huifanyia nini habari hiyo ikisha kufika.

5. Sikio lililofundwa

Sauti za usemi hazina mipaka dhahiri zitokapo kinywani. Mwaka 1964 Leigh Lisker na Arthur Abramson walichapisha vipimo vya lugha 11, wakionyesha kwamba sauti za namna ya ‘p’ na ‘b’ hutofautiana kwa muda upitao kati ya kufunguka kwa midomo na kuanza kwa mghuno. Muda huo hupimwa kwa sehemu za elfu za sekunde, na kila lugha huukata mahali pake. Mtoto anayekua katika lugha fulani hujifunza kuzisikia tofauti zilizo upande huu na upande huu wa mpaka wa lugha yake, na kuzipuuza zilizo ndani ya mpaka mmoja.

Mafunzo hayo huanza mapema mno. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, waliokuwa wakifanya kazi nchini Kanada, walionyesha kwamba watoto wachanga wa miezi 6 hadi 8 waliolelewa katika Kiingereza waliweza kutofautisha jozi za sauti za Kihindi na za lugha moja ya wenyeji wa Kanada, lugha ambazo hawakupata kuzisikia nyumbani. Walipokaribia kutimiza mwaka mmoja, wengi hawakuzitofautisha tena. Si kwamba waliharibikiwa masikio. Walikuwa wakizama katika lugha yao, na kuzama huko kuna gharama yake.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mtoto wa Kisomali na jozi ya ‘papa’ na ‘baba’. Lugha ya mama haimpi sababu yoyote ya kuzitenga, basi zote mbili huingia katika chumba kimoja kiitwacho ‘b’. Anapotakiwa kurudia neno la mwalimu, hurudia alichokisikia. Na kwa kuwa kila msemaji huikagua sauti yake kwa sikio lake mwenyewe, hujisikia amesema sawa. Kumwambia aseme kwa nguvu zaidi hakumsaidii, maana hajui ni kipi alichokikosa.

Mswahili naye hali yake ni hiyohiyo. Maneno ya Kiarabu yaliyoingia katika lugha hizi mbili ni ushahidi. Msomali husema ‘cilmi’, Mswahili ‘elimu’. Msomali ‘xisaab’, Mswahili ‘hesabu’. Msomali ‘saacad’, Mswahili ‘saa’. Msomali ‘qalin’, Mswahili ‘kalamu’. Kiswahili kimeziacha sauti za koromeo zipotee au kimezigeuza kuwa ‘h’, kama vile Kisomali kinavyoigeuza ‘p’ kuwa ‘b’. Karani asiyejua Kisomali ambaye huandika ‘Ali’ na ‘Hassan’ baada ya kutajiwa Cali na Xasan hufanya lile afanyalo mwanafunzi katika imla, ila yeye hakatwi alama.

Hata ndani ya Kiswahili chenyewe jambo hili lipo. Wenyeji wa Mombasa na Lamu hutofautisha ‘paa’ mnyama, yenye mpumuo, na ‘paa’ la nyumba, isiyo na mpumuo. Msemaji wa bara aliyejifunza Kiswahili shuleni aghalabu haisikii tofauti hiyo, wala hakuna amwitaye mzito wa ulimi.

6. Mafunzo kwa mwalimu

Umuhimu wa jambo hili si wa nadharia tupu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa, na Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mtoto wa Garissa hupimwa kwa kipimo kimoja na mtoto wa Mombasa. Darasani mwake mwenyewe huenda akakaa karibu na mtoto wa Kipokomo kutoka kandokando ya Mto Tana, ambaye lugha yake ni ndugu wa Kiswahili. Mapema mwaka 2020, kufuatia mashambulizi dhidi ya walimu, wengi wa walimu waliotoka nje ya eneo hili walihamishwa. Na kwa mtoto asikiaye Kiswahili darasani tu, kuondoka kwa mwalimu ni kuondoka kwa sauti ya kuiga. Hapana budi basi muda mchache uliopo utumiwe mahali penye tatizo.

La kwanza, mwalimu aanze na sikio kabla ya ulimi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, Ann Bradlow na wenzake waliwafundisha Wajapani kutofautisha ‘r’ na ‘l’ za Kiingereza kwa kusikiliza tu, kutoka kwa wasemaji kadhaa. Wanafunzi hao waliendelea si katika kusikia pekee, bali pia katika kutamka, ingawa hawakufundishwa kutamka. Mwalimu aweza kutaja ‘pata’ na ‘bata’, ‘vua’ na ‘fua’, ‘zana’ na ‘sana’, na kuwataka wanafunzi wainue mkono wa kulia au wa kushoto kabla hawajatakiwa kusema lolote. Yafaa maneno hayo yatajwe na watu mbalimbali, wanaume kwa wanawake, ili mwanafunzi ajifunze sauti yenyewe, asijifunze sauti ya mtu mmoja.

La pili, asimtegemeze mwanafunzi kwenye kutazama midomo. ‘P’ na ‘b’ hufanana machoni, na vivyo hivyo ‘f’ na ‘v’. Tofauti iko kooni, na vidole juu ya koo huidhihirisha zaidi kuliko macho.

La tatu, aanze na kile mwanafunzi anacho. Kisomali hutofautisha ‘t’ na ‘d’, na pia ‘k’ na ‘g’. Kwa hiyo mtoto huyu anajua kuutia mghuno na kuuondoa, na anajua kuusikia. Asichozoea ni kuufanya hivyo katika ‘p’, ‘f’ na ‘s’. Njia ya kutoka ‘t’ na ‘d’ kwenda ‘s’ na ‘z’ ni fupi. Tena watoto wengi wa eneo hili husoma duksi, yaani chuo cha Kurani, kabla ya shule au sambamba nayo. Huko hufundishwa ‘z’ ya Kiarabu na ‘dh’ itamkwayo kati ya meno. Mwanafunzi anayesoma ‘dhahabu’ kwa kipasuo cha Kisomali hajakosa uwezo. Ameyasoma maandishi ya Kiswahili kwa kanuni ya maandishi ya Kisomali, na kukumbushwa herufi ya Kiarabu kwaweza kumrekebisha mara moja. Kwa ‘p’ na ‘v’, ambazo Kiarabu fasaha nacho hakina, subira zaidi inahitajika.

La nne, mwalimu atenge kosa la mazoea na ugonjwa wa sikio. Mtoto wa mazoea hukosa katika sauti zilezile, na hufuata utaratibu unaoweza kutabiriwa kutokana na Kisomali. Mtoto anayekosa hata tofauti za lugha ya mama, atakaye kurudiwa maneno nyumbani pia, au atokwaye na usaha masikioni, ahitaji kupelekwa kwa daktari, wala haifai aachwe kwa dhana kwamba Kiswahili kimemshinda.

Mwisho, itamfaa mwalimu mgeni kujifunza kutenganisha ‘hal’ na ‘xal’, na kujaribu mbele ya wanafunzi wake. Atakosea, nao watasikia upesi alipokosea ilhali yeye hasikii. Kwa njia hiyo atajua ni kazi ya namna gani anayoidai kwao kila siku, na imla atakayoisahihisha baada ya hapo ataisoma kwa jicho jingine.